Mfasiri wa Kumi wa Mbembeni

Nchi ya Mbembeni haimo katika ramani tulizofundishwa shuleni, na namna nilivyofika huko haina faida kwa msomaji. Itoshe kusema kwamba kabla ya hapo nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, kwamba nilikaa Mbembeni siku ishirini na sita, na kwamba haya ninayoyaandika niliyaona mwenyewe, isipokuwa pale nitakaposema niliambiwa.

Ni nchi ya ngazi mbili. Juu ya jabali upo mji wa Kileleni, mji wa watu wanaoandika. Chini yake kuna bonde lenye mto, na humo wanaishi Watenda. Kila kazi ya nchi hufanywa na Watenda: wao huoka mikate, husukuma lifti za hospitali kwa magurudumu na kamba, hufungua na kufunga milango ya maji. Sijaona duniani watu hodari kuliko wao. Lakini hawasemi kwa mdomo. Lugha yao ni ya mapigo, na mapigo yenyewe ni mawili tu, mazito na mepesi. Kwa kuyapanga hayo mawili wanaweza kuelezwa jambo lolote, kuanzia kuchemsha yai hadi kujenga daraja.

Tena hufanya walichoambiwa, si zaidi wala si pungufu. Wakiambiwa wapande miche mia, hupanda mia, hata kama shamba limejaa kwenye mche wa themanini. Ishirini iliyobaki niliiona mimi mwenyewe imestawi katikati ya barabara. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba hapo kale mtenda mmoja alikisia alichokusudia bwana mkubwa fulani, akakosea, na ghala la nafaka likaungua. Tangu siku hiyo ipo Sheria ya Kukisia. Mtenda akifanya jambo ambalo halimo katika maagizo yake, liwe jema au baya, hunyang'anywa kazi na haajiriwi tena.

Kati ya wanaoandika na wanaotenda hukaa Mfasiri. Kila waraka unaoandikwa Kileleni hupelekwa kwenye Banda la Mapigo, ukingoni mwa jabali. Huko Mfasiri huugeuza kuwa mapigo, huyachonga kwenye kibao cha mti, na kibao hushushwa Bondeni kwa kamba. Mtenda hukipapasa kwa vidole, akajua kazi yake. Kukiwa na dharura, Mfasiri hupiga gogo kubwa la mvule lililotobolewa ndani, na bonde zima husikia.

Nilipofika, aliyekalia kiti hicho alikuwa Bi Mwatumu, Mfasiri wa Tisa, mwanamke wa miaka sitini na ushei mwenye bega bovu na maneno machache. Alikuwa amekaa kitini miaka kumi na moja. Waraka ukiwa na kosa aliurudisha na kijikaratasi: "Mstari wa arobaini na moja: nilitarajia nukta." Hakuongeza neno. Na mara nyingi kosa lilikuwa mstari wa arobaini, lakini watu walikwisha kumzoea, wakawa wanaanza kutazama mstari wa juu yake.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Majura, Mkuu wa Ghala la Nyaraka, mtu mwembamba, mpole, aliyekagua kila kitu mara mbili, hata chai. Yeye ndiye aliyenitembeza. Siku ya tatu alinionyesha Nyumba ya Maonyo, jengo la ghorofa tatu lililojaa makaratasi hadi darini. Alinieleza kwamba waraka unaweza kukubaliwa na Mfasiri na bado ukaambatana na onyo, kwa mfano kwamba neno fulani lina maana mbili. Onyo haliuzuii waraka. Hupelekwa kwenye nyumba ile, karani akaligonga muhuri wa "Limeonekana", akalipanga kwa tarehe.

"Na nani huyasoma?" nikauliza.

Bwana Majura alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Mgeni, yangekuwa ya kusomwa yangeitwa makosa."

Wiki yangu ya pili ndipo lilipozuka lile jambo.

Mhandisi wa Maji wa Kileleni, Bi Nunuu, alikuwa na waraka mpya wa kupeleka maji hospitali. Maji yalikuwa yakifika wodini baada ya saa nzima, kwa kuwa kila kundi la Watenda lilingoja jingine limalize. Bi Nunuu alikuwa ameandika namna makundi sita yangefanya kazi kwa pamoja. Aliupeleka kwa Bi Mwatumu mara nne, na mara nne ukarudi na kijikaratasi kilekile: "Mstari wa tatu: neno 'sambamba' silijui."

"Alijifunza kabla neno hilo halijatungwa," Bi Nunuu alinieleza, akiwa amekaa kwenye ngazi za Banda na waraka wake magotini. Alikuwa na hasira lakini hakuwa na chuki. "Simlaumu. Ila juzi mzazi mmoja alisafishwa kwa maji ya ndoo, mgeni. Ndoo iliyopandishwa kwa ngazi. Nifanye nini mimi?"

Ikawa kwamba katika Chuo cha Ufasiri alikuwepo kijana anayeitwa Badi, aliyehitimu mwaka huohuo, na walimu walikuwa wamempa namba: Mfasiri wa Kumi. Alijua maneno yote mapya. Alifasiri kwa robo ya muda. Na vibao vyake vilikuwa vifupi, kwa sababu alijua kupunguza yasiyo ya lazima. Waraka ukisema mtu aende sokoni, arudi, kisha aende sokoni, yeye alimpeleka mara moja. Kasoro yake ilikuwa moja tu: hakuwahi kufasiri waraka hata mmoja wa kazi halisi.

Mbembeni kuna desturi kwamba Mfasiri mpya hukaa kwanza kwenye Benchi la Kungoja kwa miaka miwili, ili ajaribiwe. Niliuliza hujaribiwaje. Niliambiwa hajaribiwi, kwa kuwa si ruhusa kumpa kazi mtu asiyejaribiwa. Basi hukaa tu, na miaka miwili ikipita husemwa kwamba hajawahi kuonekana na kosa.

Bi Nunuu alipeleka ombi Barazani kwamba Badi asingojeshwe. Nilipewa nafasi ya kukaa kwenye viti vya wageni siku ya mjadala.

Mjumbe wa kwanza kusimama alisema kuwa nchi jirani ilikwisha kumweka Mfasiri wa Kumi na mbili, na kwamba ilikuwa aibu kwa Mbembeni. Hakuna aliyemuuliza kama huyo wa Kumi na mbili alifasiri vizuri.

Wa pili alisema kisichovunjika hakitengenezwi, akakaa chini akipigiwa makofi.

Bi Nunuu akasimama, akasoma idadi ya wagonjwa na idadi ya ndoo. Yeye hakupigiwa makofi.

Kisha Bwana Majura akaomba nafasi. "Waheshimiwa," alisema, "kijana simpingi. Ninaomba tu kiti cha pili. Bi Mwatumu aendelee na nyaraka za zamani anazozijua, kijana apewe waraka wa hospitali peke yake. Tukiona unakwenda, tunampa mwingine. Polepole. Na vibao vya zamani tuvitunze, endapo..."

"Sheria inasema kiti ni kimoja!" mjumbe mmoja alikatiza.

"Sheria inaweza kuandikwa," alijibu Bwana Majura.

"Kuandika sheria ni miezi mitano. Mgonjwa angoje miezi mitano?"

Nilimwona Bi Nunuu akifungua mdomo apinge kutumiwa kwa wagonjwa wake namna ile, lakini Spika alikwisha kugonga meza. Ikaamuliwa hivi: Badi akalie kiti, Bi Mwatumu apumzishwe kwa heshima, na, ili kusiwe na lugha mbili katika nchi moja, nyaraka zote za Mbembeni zifasiriwe upya na Mfasiri wa Kumi kwa siku moja. Vibao vya zamani vichomwe.

Wakati wa kutoka nilisikia mjumbe mmoja akimwambia mwenzake, "Ni nyaraka ngapi kwani?"

"Mia nne na kumi na mbili."

"Zote zina kazi?"

"Sijui. Zipo tu."

Siku ya kutawazwa ilianza kwa jua. Badi alikuwa kijana mrefu, mwenye aibu kidogo, na nilimpenda mara moja kwa sababu ya jambo moja. Kabla ya kukaa, alimwendea Bi Mwatumu, akainama. "Shikamoo, mama. Nikikosea, nani ataniambia?"

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwatumu alijibu. "Mimi walikuwa hawaniambii. Nilikuwa naona moshi."

Akaanza saa mbili asubuhi. Kwa kweli ilikuwa raha kumtazama. Mikono ilikimbia, vibao vikashuka kwa kamba kimoja baada ya kingine, na kabla ya saa sita mchana nyaraka zote mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimekwisha. Maonyo yake yalibebwa kwa mikokoteni miwili hadi kwenye ile nyumba. Chini Bondeni mikate ilitoka mapema kuliko kawaida, lifti zikapanda bila kusitasita, na maji yakafika wodini katika muda wa kunywa kikombe cha uji. Muuguzi mmoja alitoka nje ya hospitali akalia hadharani. Bi Nunuu akamkumbatia, naye akalia. Hilo nalisema ili isije ikadhaniwa kuwa kijana hakuleta kheri. Alileta.

Wajumbe wa Baraza wakaenda kwenye karamu. Bwana Majura hakualikwa, au alialikwa na hakwenda, sikumuuliza. Alinikaribisha tule wali kwenye roshani ya Ghala, ambayo hutazama bonde lote. Kutoka hapo nilionyeshwa mlango wa mchepuko, kazi kubwa ya mbao na minyororo, uliojengwa zamani kwenye kona ya mto. Mto ukijaa, mlango hufunguliwa, maji yakapita pembeni kwenye mfereji badala ya kuvamia makazi ya Watenda. Karibu nao ulisimama mti wa kipimo wenye alama nyekundu, na mbele ya mti huo kulikuwa na kiti cha jiwe cha mtazamaji.

"Mtazamaji ni nani?" nikauliza.

"Anaitwa Ng'oli. Baba yake alitazama kabla yake." Bwana Majura alikuwa akijipakulia mchuzi. Mara akauacha upawa hewani. "Mbona amekipa kipimo mgongo?"

Nikatazama. Mtu mpana wa mabega alikuwa amekaa kwenye kiti cha jiwe, mikono juu ya magoti, uso wake ukielekea kwetu, si mtoni. Nyuma yake maji yalikuwa ya rangi ya matofali. Huku kwetu hapakudondoka hata tone, lakini milima ya mashariki ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi tangu asubuhi, na sisi sote tulikuwa tukimtazama kijana.

Maji yalikuwa yamebakiza shibiri moja kufika alama nyekundu.

Sikuwahi kumwona Bwana Majura akikimbia, na naamini yeye mwenyewe hakuwahi. Tulifika Bandani tukihema. Badi alikuwa akipangusa vyombo vyake, na kwenye kona Bi Mwatumu alikuwa akifunga vitu vyake katika kanga. Bi Nunuu alifika nyuma yetu, kwa kuwa alituona tukikimbia na alikuwa mtu wa maji. Tulikuwa hatujamweleza kitu, lakini alikwisha kubadilika rangi.

"Waraka wa mlango wa mchepuko," Bwana Majura alisema. "Umemwambia nini mtazamaji?"

Badi akautoa, akausoma kwa sauti. Uliandikwa miaka sitini iliyopita. "'Tazama kipimo. Kama maji hayajafika alama, tazama kipimo. Kama maji hayajafika alama, tazama kipimo. Yakifika, piga kengele, mlango ufunguliwe.' Nimemwambia atazame."

"Mara ngapi?"

"Mara moja." Alitutazama mmoja mmoja. "Mara moja inatosha. Katika waraka wote hakuna anayegusa maji. Hakuna anayeyaongeza wala kuyapunguza. Kitu kisichoguswa hakibadiliki. Akitazama asubuhi akakuta hayajafika, basi hayajafika. Kutazama tena ni kazi ya bure, nimempumzisha."

"Mto unapanda!" Bi Nunuu alipiga kelele.

"Waraka hausemi kwamba mto unaweza kupanda," alisema Badi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea. "Tafsiri ni sahihi. Nionyesheni kosa."

Hilo ndilo lililotutisha. Kosa halikuwepo. Nilikuwa nimefanya kazi ya ukalimani karibu miaka ishirini, na nisingeweza kumwonyesha.

Bi Mwatumu aliweka kanga yake chini. "Mwanangu, umewahi kuuona mto?"

"Nimeusoma."

"Njoo dirishani."

Alikwenda. Katika siku ile yote alikuwa amekaa hatua sita kutoka dirishani na hakuwa amelitazama. Maji yalikuwa yakilamba alama nyekundu, na chini yake zilionekana paa za nyumba za Watenda, na nguo zilizoanikwa.

"Lete nyundo ya gogo," akasema.

Mlinzi wa Banda, ambaye hadi hapo alikuwa kama samani, akasogea mbele. "Gogo halipigwi bila waraka wenye muhuri wa Baraza."

"Baraza liko karamuni," alisema Bwana Majura.

"Basi tuwangoje watoke."

Sijui ni nini kilimwingia Bwana Majura, mtu aliyekagua chai mara mbili. Alimshika yule mlinzi mkono kwa upole, akamwambia, "Ndugu yangu, wewe umeona nini? Umeona Mfasiri akijaribu chombo chake. Andika hivyo. Mimi nitatia sahihi." Na wakati mlinzi akifikiria kama hilo linaruhusiwa, Badi alikwisha kuinua nyundo.

Akaganda. "Nitasema nini? Nikisema 'tazama' atatazama mara moja. Nikisema 'fungua' watangoja kengele, maana mlango haufunguliwi bila kengele. Kuandika upya kutanichukua..."

"Usiandike," alisema Bi Mwatumu. "Vibao vyangu vya mlango huo vimechomwa, lakini miaka kumi na moja nimevichonga, kila vikilika nachonga vingine. Vimo humu." Akagusa paji la uso. "Bega langu haliwezi gogo tena. Mimi nitasema, wewe piga. Na usifupishe. Hata ukiona upuuzi, piga."

Akaanza kumtajia. Zito, jepesi, jepesi, zito. Badi akapiga. Gogo lile halisikiki kwa masikio tu, linasikika kifuani. Mara mbili nilimwona akisita, kwa kuwa alikuwa anarudia kitu alichokwisha kupiga, na mara mbili Bi Mwatumu alisema, "Piga." Jasho lilimtiririka. Tazama kipimo. Tazama kipimo. Tazama kipimo.

Bi Nunuu alikuwa dirishani. "Amesimama," alisema. "Amegeuka." Halafu: "Anakimbilia kengele."

Kengele tuliisikia. Watenda wanane wakatoka mbio kuelekea minyororo, na Ng'oli akawa wa tisa. Wakati huohuo maji yakavuka ukingo.

Mlango ulifunguka, lakini ulifunguka kwa kuchelewa. Mto ulikwisha kuingia nyumba za mstari wa mbele. Kumi na moja zilibebwa, pamoja na kitalu cha miche na mabanda ya kuku. Watu walikuwa wamepanda miambani na watoto wao, kwa kuwa katika nyumba zao hakuna sheria inayowakataza kukimbia. Hakufa mtu. Mnyororo mmoja ulikatika na kumvunja Ng'oli mkono. Nyumba ya nne katika zile kumi na moja ilikuwa yake.

Baraza lilikutana kesho yake kutafuta mwenye kosa. Niliruhusiwa kukaa tena kwenye viti vya wageni.

Badi alihojiwa, ikaonekana alifasiri sahihi. Bi Mwatumu alihojiwa, ikaonekana hakuwa kazini. Mjumbe mmoja akamsifu kwamba hekima yake ndiyo iliyowalinda Watenda miaka yote kumi na moja. Bi Mwatumu akaomba ruhusa ya kusahihisha.

"Sikumlinda mtu," alisema. "Nilipoambiwa mara tatu nilichonga mara tatu, kwa sababu sikujua kufupisha. Ningejua, ningefupisha. Waraka ulikuwa mbovu tangu siku ya kwanza na mimi sikuuona."

Hapo Bi Nunuu akasimama na karatasi mkononi. Alikuwa ameshinda asubuhi yote kwenye Nyumba ya Maonyo, katika mikokoteni miwili ya jana, na akasoma: "'Waraka wa mlango wa mchepuko. Kwa tafsiri hii mtazamaji hatatazama tena baada ya mara ya kwanza. Je, ndivyo mlivyokusudia? Badi, Mfasiri wa Kumi.' Imegongwa muhuri. Limeonekana. Saa nne na nusu asubuhi."

Karani wa Nyumba ya Maonyo akaulizwa kama aliliona onyo hilo. Akajibu kwa heshima kwamba aliliona, na ndiyo maana aligonga muhuri.

Mjadala ulidumu hadi alasiri. Mwishowe Baraza likamtia hatiani mwandishi wa waraka, aliyefariki miaka hamsini na mitatu iliyopita, na likaamuru jina lake lifutwe kwenye mtaa wake. Kuhusu kiti, sheria ya kiti kimoja ilibaki kama ilivyo. Lakini Spika, ambaye nadhani hakulala vizuri, aliongeza kwamba sheria haikusema lolote kuhusu benchi, na kwamba mtu akiweka benchi refu mahali pa kiti, yeye hataliona kuwa ni viti viwili. Bwana Majura alikwisha kuliagiza kabla ya chakula cha mchana.

Kabla ya hukumu Badi alikuwa ameomba jambo ambalo hakuna Mfasiri aliyewahi kuliomba, yaani kushuka Bondeni. Kwa kuwa hakuna sheria iliyoliruhusu wala kulikataza, watu walishindwa kumjibu, naye kikao kilipokwisha akashuka. Tulikwenda naye mimi, Bi Nunuu, na Bi Mwatumu aliyeteremka ngazi ile ndefu akishika ukuta.

Tulimkuta Ng'oli kwenye hema la muda, mkono umefungwa kwa vipande vya mianzi. Mke wake alikuwa anafua matope kutoka kwenye blanketi. Badi alipiga magoti mbele yake, akageuza sufuria tupu, na kwa kijiko cha mti akaanza kupiga, taratibu sana. Nilimuuliza Bi Mwatumu anasema nini.

"Anaomba msamaha," akanijibu kwa sauti ya chini. "Sijui kapata wapi mapigo hayo. Mimi sikuwahi kufundishwa. Sisi tulifundishwa maagizo."

Ng'oli alisikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa mkono wake mzima, akachukua kijiko kutoka kwa Badi. Mke wake akaacha kufua. Nilimwona Bi Mwatumu akishika nguzo ya hema, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye, katika nchi ile mapigo hushuka, hayapandi. Miaka kumi na moja alisema na Watenda kila siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu, wala yeye hakufikiri kwamba kuna jibu.

Ng'oli akapiga. Alipiga kwa muda mfupi, akarudisha kijiko.

Badi alikuwa ameinamisha kichwa. Bi Nunuu akamgusa begani. "Kasemaje?"

"Anasema aliyasikia maji," Badi alisema. "Aliyasikia nyuma yake tangu saa tano. Alijua yamefika wapi kwa sauti tu, baba yake alimfundisha. Anasema alikaa akingoja aulizwe."

Bi Nunuu alikaa chini kwenye matope, akatoa daftari na kalamu kwenye mkoba wake. Alifungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa "Mlango wa Mchepuko", akampa Badi kijiko.

"Muulize," alisema. "Muulize yote. Nami nitaandika."

Nilipowaacha jua lilikuwa linazama, na walikuwa bado hawajafika hata kwenye mlango wenyewe. Ng'oli alikuwa akiwaeleza habari za mvua.